Chini ya Maji Masafi

Nilitaka kumfanyia mume wangu sapraizi ya siku ya kuzaliwa kwa kumbadilishia mchanga wa tangi lake la samaki. Nilichokifukua kule chini nusura kiondoke na amani yote ya nyumba yetu.

Mpenzi msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa. Mimi ndiye niliyemuua Bibi.

Tulia, usikimbilie simu. Bibi alikuwa samaki. Urefu wake ulikaribia kiganja changu, mwili wa rangi ya machungwa iliyokolea hadi kahawia, mikanda miwili myeupe na mkia mweupe. Ni binamu wa yule samaki wa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, ila huyu ni mzawa wa kwetu, wa matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki. Mume wangu aliishi naye miaka saba. Mimi nimeishi na mume wangu miaka minne. Fanya hesabu mwenyewe ujue nani alikuwa mkubwa ndani ya nyumba ile.

Nilimuua bila kukusudia, tena nikiwa na nia njema kabisa. Na nia njema, jamani, imevunja nyumba nyingi labda kuliko hata nyumba ndogo.

Mke mwenza wa kioo

Nilipoolewa nililikuta tangi sebuleni. Ni tangi la kioo la lita 200, urefu mita moja na upana sentimita 40, limekaa juu ya meza ya chuma aliyoichomelesha kwa fundi. Ndani yake kuna maji ya chumvi, mawe yenye matundu matundu, kamba wawili, konokono kadhaa, na wale samaki wawili, Bibi na Bwana. Mashosti zangu wakija kunitembelea wanapiga nalo picha hadi chakula kinapoa mezani. Mimi nililiita mke mwenzangu.

Maana mwanaume huyu, ambaye mpaka leo hajui sukari inakaa kabati gani jikoni, anajua joto la maji ya tangi lake saa yoyote utakayomuuliza. Nyuzi 26. Anajua chumvi yake, gramu 35 kwa kila lita. Mara mbili kwa mwezi anaondoka alfajiri na madumu, anapanda boti ya wavuvi mpaka mbali kidogo na ufukwe, maji yakiwa yamejaa, anachota maji ya bahari. Wakati wa masika haendi. Anasema mito inamwaga tope na uchafu wa jiji baharini, na maji ya karibu na pwani yanapungua chumvi. Kipindi hicho anakoroga mwenyewe kwa chumvi maalumu ya matangi, akikaa na kipimo chake kama mfamasia.

Tatizo la tangi lilikuwa chini. Alipolianzisha akiwa kapera, alitandika kokoto za matumbawe yaliyopondwa, kina cha vidole vinne. Ndizo alizopata wakati ule. Kokoto za aina hiyo zina mianya mikubwa. Chakula kinachobaki na kinyesi cha samaki vinapenya humo, vinatulia, vinaoza taratibu. Juu unaona maji yanang'aa kama kioo cha saluni, kumbe chini ni jaa. Kipimo chake cha nitrati, ambayo ndiyo hatima ya uchafu wote ule, kilikuwa kinasoma miligramu 80 kwa lita. Mwani ukawa unapanda kwenye kioo. Leo anasugua, baada ya siku tatu umerudi.

"Inabidi nibadilishe mchanga wote," alikuwa akisema. Mwaka mzima anasema hivyo hivyo, na mkono hapeleki.

"Sasa unangoja nini, baba?" nikamuuliza siku moja.

"Kule chini kumeshatulia. Naogopa kukuvuruga."

Nikacheka. Mchanga ni mchanga, niliwaza. Unatoa wa zamani, unaweka mpya, unakunywa chai.

Yaliyokwisha bila kwisha

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, vinginevyo hutanielewa.

Mwaka mmoja kabla ya hayo tulikuwa tunaweka akiba ya kiwanja huko Mapinga. Siku moja natafuta cheti chetu cha ndoa kwenye droo, nikakutana na slipu ya mshahara wa mume wangu. Kwenye makato kulikuwa na mstari ambao sikuujua. Mkopo. Nikafuatilia. Milioni sita, alizochukua kumwongezea mdogo wake mtaji wa kununua bajaji. Bajaji yenyewe ilipata ajali kabla haijamaliza miezi mitatu barabarani. Mimi mkewe, ninayekaa naye meza moja kila jioni tukipanga ramani ya nyumba, sikuambiwa lolote.

Nilifanya kosa ambalo sikuliona kuwa ni kosa. Nilimwaga yote kwa mpigo mmoja. Tena siku ambayo mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia na shemeji mwenyewe yupo, ameshika glasi ya juisi. Nikaanza na mkopo, nikaenda kwenye kiwanja, nikarudi kwenye michango ya harusi, nikamalizia na Krismasi ya mwaka juzi ambayo nilisusiwa peke yangu nyumbani. Shemeji akaweka glasi chini, akatoka nje. Mume wangu akaangalia zulia.

Mama mkwe akatukalisha. Akasema, "Wanangu, yaishe." Tukajibu kwa pamoja, "Yameisha, mama." Tukala wali.

Maisha yakaendelea. Ukitutazama kwa juu tulikuwa wanandoa wa mfano, tunaenda kanisani, wikiendi tunakula samaki Kunduchi, tunatupiana mioyo ya WhatsApp. Lakini ikifika tarehe 25 ya kila mwezi nilikuwa nahesabu yale makato kichwani, kimya kimya. Na yeye, ikifika tarehe hiyo, alikuwa anakaa na samaki wake mpaka saa sita usiku.

Sapraizi

Alikuwa anatimiza miaka 35. Kazini wakamsafirisha Mwanza siku nne, arudi siku yenyewe ya kuzaliwa. Dada yangu anaishi Dubai, na mwezi ule alikuwa anakuja likizo. Nikamwagiza mifuko miwili ya mchanga mweupe laini wa aragonaiti, kilo 9 kila mmoja. Ni mchanga wa chokaa kama ile ya matumbawe, ndio wanaoutumia watu wa matangi ya maji chumvi. Dada alinicheka sana uwanja wa ndege. "Watu wanaagiza dhahabu, wewe unaagiza mchanga, na Mbudya ipo hapo mbele yenu!" Nikamweleza kwamba Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, huchoti mchanga pale ukaweka kwenye ndoo.

Basi bwana, siku ya pili ya safari yake, Alhamisi jioni, nikavaa dera la zamani, nikamwita dada wa kazi, tukaanza. Nikazima pampu ili maji yatulie. Nikachukua bakuli la plastiki na upawa mrefu, nikaanza kuchota zile kokoto kutoka upande wa mbele. Ndoo ya kwanza ikaenda vizuri, maji yakawa na vumbi kidogo. Ndoo ya pili nikafika chini kabisa, kwenye kioo.

Pale chini kokoto zilikuwa nyeusi. Nyeusi ti, kama masizi ya sufuria. Nilipozama na upawa, harufu ikapanda. Mayai viza. Dada wa kazi akaziba pua akaniambia, "Dada, hii kitu imekufa." Mimi nikaona ndiyo sababu ya kuharakisha. Nikachota kwa nguvu zaidi, nitoe huo uchafu wote uishe leo leo.

Nadhani umeshaona mimi ni mtu wa aina gani.

Baada ya dakika kumi sikuwa naona upande wa pili wa tangi. Maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Nikamwona Bwana amepanda juu, mdomo uko usawa wa maji, anahema. Bibi alikuwa amelala ubavu kwenye pembe, mashavu yanafunguka na kufunga haraka haraka. Hapo ndipo miguu iliponiisha nguvu.

Usiku wa kikombe

Sikumpigia mume wangu. Nilimpigia rafiki yake, shemeji mmoja ambaye naye anafuga samaki wa baharini. Nilipomweleza harufu, alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunipa amri kama daktari wa zamu. Acha kuchota. Washa pampu zote. Chukua ndoo safi, weka maji ya bahari yaliyoko kwenye pipa la akiba, weka pampu ya hewa, hamishia samaki wote wawili humo. Wakishatulia, badilisha maji ya tangi kadiri akiba inavyoruhusu. Kama kuna mkaa maalumu wa chujio, weka.

Nilifanya yote huku machozi yanatoka. Kisha akanielezea nilichokifanya.

Kwenye kina kile, kati ya kokoto zilizojaa uchafu, hewa ya oksijeni haifiki. Huko wanaishi bakteria wasiohitaji oksijeni, na wanatengeneza gesi ya haidrojeni salfaidi. Ndiyo ile harufu ya mayai viza, na kwa samaki ni sumu kali. Rangi nyeusi inatokana na salfa hiyo ikikutana na madini ya chuma. Ikiachwa chini haisumbui mtu. Ukiichimba inapanda yote kwa pamoja, ikifuatana na uchafu wa miaka uliokuwa umelala, na uchafu huo unatoa amonia. Bakteria wazuri, wale wanaoigeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, wanaishi kwenye mawe na kwenye zile zile kokoto nilizokuwa natupa nje. Kwa hiyo niliongeza sumu na kupunguza wafanyakazi wa usafi kwa wakati mmoja. Na maji ya bahari yana asili ya alkali, pH yake ni kama 8.2, hali inayoifanya amonia iwe kali zaidi kuliko ingekuwa kwenye maji baridi.

"Kila mtu hufikiri mchanga ni pambo," akaniambia. "Shemeji, ule ni mwili wa tangi."

Nikapima amonia. Kile kimaji cha kipimo kinatakiwa kubaki njano. Changu kilikuwa kijani.

Saa nane usiku umeme ukakatika. Pampu ya hewa ikanyamaza. We acha tu. Nilikaa kwenye stuli, tochi ya simu imeegemezwa kwenye chupa, nikawa nachota maji ya ile ndoo kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, ili yapate hewa. Dada wa kazi akanipokea nilipochoka, nami nikampokea. Umeme ulirudi baada ya saa moja na nusu. Alfajiri, wakati wa adhana, Bibi alikuwa ameshapoa. Bwana alikuwa amekaa karibu naye, hajatoka.

Saa kumi na mbili na nusu nikampigia mume wangu. Nilisema yote bila kupumua. Upande wa pili kimya. Kisha akauliza, "Bwana anahemaje?" Nikamjibu kwamba amepungua kasi. Kimya tena.

"Na wewe umelala?"

Nikalia hadi nikashindwa kushika simu.

Jumamosi ya kwanza

Aliporudi hakunigombeza. Ungekuwa umewahi kuishi na mwanaume mkimya ungejua kwamba afadhali angenigombeza. Alimzika Bibi chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, akala keki kipande kimoja, akashukuru kwa zawadi. Wiki tatu zikapita tukiongea mambo ya gesi, luku na foleni. Kila siku akipima maji, anabadilisha kidogo, anasubiri. Mpaka kile kipimo kikawa njano siku saba mfululizo, na Bwana akarudi nyumbani kwake.

Nilikijua kimya kile. Kilikuwa cha mkopo. Cha kuangalia zulia.

Jumamosi moja asubuhi nikamkuta sebuleni na ndoo mbili na mpira mwembamba.

"Mama, njoo unishikie huu mpira."

Akanifundisha. Sehemu ya mbele nilishaimaliza kwa ubabe wangu. Kilichobaki alikigawanya mafungu matatu, fungu moja kila baada ya wiki mbili. Hatukuchimba. Tulinyonya kwa mpira, maji na kokoto vikishuka pamoja kwenye ndoo, uchafu usipate nafasi ya kusambaa. Maji yakifika kiwango cha kubadilisha, tunaacha, hata kama mkono bado unatamani kuendelea. Kokoto chache za zamani tukazitia kwenye kipande cha stokingi, tukaziweka kando ndani ya tangi, bakteria wahamie mchanga mpya. Mawe hatukuyagusa kwa maji ya bomba, kwa sababu klorini inaua wale bakteria, na mawe ndiyo makao yao makubwa.

Mchanga mpya tuliuosha kwenye beseni mpaka maji yakaacha kuwa meupe kama tui. Kisha akachukua bomba la plastiki, juu akachomeka chupa ya maji iliyokatwa kuwa faneli, akalishusha mpaka chini. Mimi namimina mchanga kwa kikombe, yeye anaelekeza bomba. Kazi ya watu wawili. Huwezi kuifanya ukiwa umenuniana na mtu, kwa sababu kila dakika unatakiwa kusema "bado," "ongeza," "hapo hapo," "subiri."

Kwenye "subiri" moja ndipo alipoanza.

"Ile hela ya mdogo wangu," akasema, macho yakiwa kwenye bomba. "Baba alipofariki, aliniachia yule kijana. Alinipigia mara tatu nikasema sina. Mara ya nne nikaona aibu. Na nilipochukua nikaona aibu zaidi ya kukwambia, kwa sababu ningekwambia ungesema hapana, na ungekuwa sahihi."

Nilikuwa na majibu kumi mdomoni, yote makali. Nikaangalia kikombe changu. Nikamimina mchanga kidogo.

"Endelea," nikasema.

Siku ile tuliongelea hilo moja tu. Krismasi haikuguswa.

Zamu yangu

Mpenzi msomaji, mpaka hapa bila shaka umeniona mimi ndiye niliyekosewa. Ngoja nikupe na fungu la pili.

Baada ya wiki mbili tulikuwa upande wa kulia, chini ya jiwe kubwa. Tuliligundua jiwe lenyewe limekalia kokoto, halijagusa kioo. Mume wangu akasema hapa ukinyonya bila kulishikilia, litaanguka na kuvunja tangi. Tukaliinua taratibu, tukalikalisha juu ya kioo chenyewe ndipo mchanga uje kulizunguka. Nimeingiza mkono hadi kwapani, nimelishikilia lile jiwe, nikajisikia nasema:

"Nina akaunti."

"Akaunti gani?"

"Niliifungua baada ya mkopo wako. Nimeweka laki mbili kila mwezi. Miezi 14. Sikukwambia."

Alizima mpira kwa kidole. Mahesabu anayajua. Milioni mbili na laki nane.

"Kwa hiyo ulikuwa unajiandaa kuondoka?"

"Nilikuwa najiandaa kutoshtuka tena."

Hakusema kitu. Tulimalizia lile fungu, akafunga ndoo, akaosha mikono. Usiku huo alilala kwenye kochi, na usiku uliofuata pia. Nilimlaumu yeye kwa mwaka mzima kwa kuficha milioni sita, na mimi muda wote ule nilikuwa natandika kokoto zangu mwenyewe. Mwaka mzima nilimwambia "nimesamehe" huku nikiweka nauli ya kuondokea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi maradhi yangu niliyafichia benki.

Jumatatu asubuhi alinikuta jikoni. "Nimepima," akasema. "Amonia imepanda kidogo. Tusubiri wiki nyingine moja."

"Sawa."

Akafungua kabati moja, la pili, la tatu. Kisha akageuka. "Hivi sukari inakaa wapi?"

Nikamwonyesha. Akatengeneza chai ya watu wawili, mbaya kupita kiasi, tukaketi tukainywa. Tulichelewa kazini wote. Alitaka kujua kama ile akaunti ingebaki. Nikamwambia ningependa ibaki, ila sasa aijue. Akafikiri. Akasema na yeye angependa nimwulize shemeji moja kwa moja kuhusu marejesho ya bajaji, badala ya kuhesabu kichwani. Tukakubaliana hivyo viwili tu. Fungu la tatu tulilimaliza baada ya wiki tatu badala ya mbili.

Bwana amekuwa Bibi

Leo ukija kwetu utaona chini ya tangi ni peupe, laini, kina cha vidole viwili. Uchafu unabaki juu ambako mkondo wa pampu na konokono wanaufikia. Nitrati imeshuka mpaka 20. Mwani haujaisha, ila sasa mume wangu anasugua kioo mara moja kwa wiki na kinabaki safi.

Kiwanja bado hatujanunua. Mkopo una miezi iliyobaki. Tarehe 25 tunaweka slipu zote mbili mezani, na siku nyingine mazungumzo yanakuwa matamu, siku nyingine mmoja anakwenda kuangalia samaki kwanza. Shemeji analipa laki moja moja, akichelewa anapiga simu mwenyewe. Mwezi uliopita alikuja na juisi yake.

Na Bwana? Hapa ndipo nilipochoka kabisa. Samaki wa jamii hii wote huanza maisha wakiwa madume. Katika kila kundi, mkubwa wao ndiye huwa jike, na ndiye anayetawala. Jike akifa, dume lake halitafuti mke mwingine. Linageuka kuwa jike lenyewe, taratibu, kwa muda wa miezi. Tukaona kwa macho yetu. Bwana alianza kunenepa, akawa mkali, nikiingiza mkono kusafisha ananidonoa. Mume wangu akaleta dume dogo, na sasa lile dogo likipita mbele ya Bwana linatetemeka mwili mzima kuonyesha heshima.

"Kwenye tangi hili," mume wangu anawaambia wageni, "mwanaume akifiwa anapandishwa cheo."

Tumeshaacha kumwita Bwana. Sasa ni Bibi. Bibi wa kwanza yuko chini ya mwarobaini, na mimi kila nikianika nguo pale ninamwambia samahani.

DONDOO: Ukitaka kubadilisha mchanga wa tangi la maji chumvi

1. Usiguse kabla hujapima. Amonia na nitriti ziwe sifuri ndipo uanze.

2. Andaa maji ya akiba, ndoo safi na pampu ya hewa. Ya betri ni bora, umeme hauna rafiki.

3. Gawa chini mafungu matatu au manne. Toa fungu moja, kisha ngoja wiki mbili. Maji yakiwa na ukungu mweupe kwa siku moja au mbili si kitu, ni vumbi la mchanga mpya.

4. Nyonya kwa mpira, usichimbe. Ukiona nyeusi na kusikia harufu ya mayai viza, nenda polepole zaidi. Kama nyeusi ni nyingi, hamishia samaki kwenye ndoo kwanza.

5. Osha mchanga mpya, ushushe kwa bomba. Mawe makubwa yakae juu ya kioo, si juu ya mchanga.

6. Pima kesho yake, na baada ya siku mbili pima tena. Kikiwa kijani, simama.

7. Mwenye tangi awepo. Kama ni la mwenzako, mngoje arudi Mwanza.